Mwenye Macho Ukingoni

Jumatatu, Machi 23

Kochi Kinoti ametugawia madaftari ya kurasa tisini na sita, yale yale ninayowagawia watoto shuleni, akasema kila mtu aandike siku zake hata kama ni mstari mmoja. "Sitayasoma. Ni yenu. Ukiandika, huwezi kujidanganya." Kochi hajasahihisha insha za likizo kwa miaka kumi na miwili kama mimi. Watu hujidanganya vizuri zaidi kwa maandishi.

Haya. Mimi ni Mwikali, mwalimu wa Kiswahili na michezo, mzaliwa wa Mwingi, mwaka wa sita hapa Garissa. Nimeomba uhamisho mara nne na mara zote nne sikujibiwa. Sasa nimeingia kambi ya triathloni: kuogelea mita mia saba na hamsini, baiskeli kilomita ishirini, kisha kukimbia kilomita tano, bila kukaa chini. Kanda yetu itapeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwenye mashindano ya taifa, Kilifi, mwezi wa Juni. Mchujo ni Aprili 25. Septemba natimiza miaka thelathini na mitano, na baada ya hapo nitawekwa kwenye kundi la wakongwe, wale wanaopigiwa makofi kwa kufika tu.

Sijawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote. Nataka hiki. Nimeandika, sasa tuone kama najidanganya.

Jumanne, Machi 24

Pancha mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Miiba ya mti wa mathenge. Mvua hakuna.

Alhamisi, Machi 26

Leo tumeingia majini. Hoteli imetupa bwawa lake, wanawake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja na nusu, kisha wanaume. Kuzunguka ua wametundika turubai la buluu ili mwanamume yeyote asichungulie, na kochi ni mwanamume, kwa hiyo kochi anasimama nje na filimbi yake, anauliza maswali kwa turubai. Kwa ndani kochi ni mimi. Nilijifunza kuogelea chuoni Mombasa, na humu kambini hakuna anayenifikia.

Wanawake tuko wawili tu. Mwenzangu anaitwa Idman, ana miaka ishirini, ametoka Rhamu huko Mandera, na hapa mjini anakaa kwa habaryar wake, yaani dada ya mamake, Mama Safiyo, anayeuza chai karibu na stendi. Mama Safiyo huja naye. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na tasbihi mkononi, na ananitazama kama mwenye duka anavyomtazama mtoto aliyevaa koti lenye mifuko mikubwa.

Idman akikimbia, nataka kuacha mchezo. Miguu yake haigusi ardhi bali inaiazima. Lakini majini! Anaogelea kichwa juu, shingo imenyooka, macho yanakwenda kulia na kushoto, mwili wote unazama nyuma yake na kumvuta. Mimi nilitumia dakika kumi na tano, yeye ishirini na mbili. Nilicheka kwa ndani na sikuona haya.

Jumamosi, Machi 28

Tumeendesha baiskeli hadi njia ya Modika na kurudi, kisha tukakimbia. Nimepiga hesabu njiani, kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kutazama mgongo wake ukienda. Majini namwacha dakika saba. Barabarani ananirudishia sita. Imebaki dakika moja, na nafasi yangu yote ya Kilifi inakaa ndani ya dakika hiyo.

Jumatatu, Machi 30

Kochi ameniita kando.

"Mwalimu, yule msichana anaogelea kama anatafuta mtu aliyepotea. Mfundishe kutia uso majini."

"Mimi?"

"Mimi siruhusiwi kuingia. Nimfundishe kwa filimbi?"

"Kochi, tunagombea nafasi moja."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Ni mtu mwema, Kinoti, lakini wema wake wakati mwingine ni wa mtu asiyefikiri. "Wewe ni mwalimu," akasema, kana kwamba hilo linamaliza maneno. Na kwa bahati mbaya lilimaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi natakiwa kukifulia hiyo nguo.

Jumatano, Aprili 1

Nimemfundisha. Nimetupa sarafu chini ya maji aziokote. Nimemshika tumbo aelee. Nimemwambia ahesabu hadi tatu uso ukiwa ndani. Anafika moja, kichwa kinaruka juu.

"Siwezi, madam."

"Unaogopa maji?"

"Maji siogopi. Nimeogelea tangu nikiwa mdogo."

"Basi nini?"

Akajivuta ukingoni, akatoka. Kwa nje kochi akapiga filimbi, sijui ya nini. Nimerudi nyumbani na furaha ambayo si nzuri.

Ijumaa, Aprili 3

Ijumaa Kuu. Shule zimefungwa jana. Sasa ni mazoezi mara tatu kwa siku.

Jumapili, Aprili 5

Pasaka. Kanisani tumepepea kwa vitabu vya nyimbo. Mawingu yalikusanyika upande wa mashariki tangu asubuhi, watu wakatoka nje kuyatazama, saa nane yakatawanyika. Nasikia Wajir kumenyesha. Kila siku nasikia kwingine kumenyesha.

Jumanne, Aprili 7

Mama Safiyo ameniita kwake stendi. Nilidhani ananilaumu kwa jambo fulani. Amenipa chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari ya kutosha familia nzima, akakataa pesa, akaanza.

"Wewe mwalimu, nafundisha mkono, nafundisha mguu. Macho iko wapi?"

Sikumwelewa. Akaweka birika chini ili mikono ipate nafasi ya kusema.

"Kwetu Rhamu, mto Daua iko mamba. Lakini shamba iko ng'ambo, lazima mtu nafuka. Sasa, mtu moja naingia maji, mtu moja nasimama juu, bale ukingo. Yeye ni mtu ya macho. Hana kazi ingine. Hali, hazungumzi, haangalii mbuzi yake. Naangalia maji tu, mbaka mwenzake natoka. Akitoka, yeye naingia, yule ingine nasimama."

"Na kama hakuna wa kusimama?"

"Basi unaweka kichwa juu. Macho yako mwenyewe. Idman tangu mtoto hii ndiyo najua."

"Mama, hapa ni bwawa la hoteli. Hata chura hayumo."

"Mimi najua. Idman najua. Mwili yake haijui."

Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe asisimame, anakuja kila asubuhi na anakaa pale pale. Akavuta kope ya jicho moja, nikaona weupe kwenye mboni. "Macho yangu iko na ukungu. Mimi naona wewe kama kifuli. Mtu ya macho bila macho, hiyo ni uongo, na uongo kwa mto haiwezekani." Kumbe siku zile zote alizonitazama kama mwizi alikuwa anajaribu tu kuniona.

Nimetembea nyumbani juani bila mwavuli. Sasa najua dawa ya ugonjwa wake, na hakuna mwingine kambini anayeijua. Ningeweza kunyamaza. Siandiki kwamba sikulifikiria hilo.

Jumatano, Aprili 8

Nimesimama.

Sikuingia majini kabisa. Nilivua viatu, nikasimama ukingoni, usawa wa katikati ya bwawa, nikamwambia, "Idman, leo sifundishi. Naangalia maji. Sitaangalia kitu kingine mpaka utoke."

Alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama habaryar wake. Mama Safiyo akainua kidole kimoja cha ule mkono wenye tasbihi. Idman akatia uso majini, akaenda.

Alikwenda mpaka mwisho. Mwili ule ambao ulikuwa unaning'inia ukanyooka wote juu ya maji, na mikono ikapata kazi yake. Akageuka, akarudi, uso ndani. Alipotoka alikuwa anacheka na kukohoa pamoja. "Abaayo, umeona?" Abaayo ni dada. Siku zote ameniita madam.

"Nimeona," nikasema, na nilikuwa nimeona kila kitu. Macho yaliniwasha kwa kutokupepesa. Nimefundisha miaka kumi na miwili na sikumbuki furaha kama ya leo. Saa moja baadaye, nikiwa juu ya baiskeli, nikakumbuka ile dakika moja.

Ijumaa, Aprili 10

Dakika ishirini na nusu. Pancha moja.

Jumatatu, Aprili 13

Dakika kumi na tisa na sekunde arobaini. Kochi ameruka juu nje ya turubai, tumeona kofia yake. Idman ameniletea anjera iliyofungwa kwa karatasi. Mtu wangu wa hasara ananiletea kiamshakinywa.

Jumanne, Aprili 14

Kumi na nane na nusu. Kwa hesabu hiyo nikimwacha majini ni dakika tatu na nusu tu, naye atanirudishia sita. Nimeshapoteza, bado tu siku kumi na moja waje kuniambia rasmi.

Hakuna mawingu leo. Hata ya kudanganya.

Alhamisi, Aprili 16

Nitaandika yote na sitafuta.

Kochi ameiita siku ya leo "siku ya chuma." Saa kumi na moja alfajiri tulikimbia kilomita nane. Saa mbili tukapanda baiskeli, njia ya Modika, kwenda na kurudi mara mbili. Jua la saa nne lilikuwa limeshakuwa la saa saba. Lami ilishika magurudumu. Maji ya chupani yalikuwa chai isiyo na majani. Punda wa mikokoteni ya maji walikuwa wamesimamishwa vivulini na wenye nao wamelala chini ya mitungi, na kila tulipopita walituangalia kwa huruma, punda na watu pia. Abdisamad, kijana wa Hulugho anayetuzibia pancha, alitapika kando ya barabara, akapanguza mdomo, akapanda tena. Saa sita tukaambiwa tukimbie mbio fupi fupi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya shule. Mara kumi. Mara ya saba sikuhisi mikono. Pale kwenye duka la dawa kipimajoto kilisema arobaini.

Idman alishinda kila kitu. Hakushinda kwa kujivuna, afadhali angejivuna. Alikuwa anarudi kunivuta. "Twende abaayo, imebaki kidogo." Nilimchukia kwa dakika kadhaa, namna unavyomchukia mtu anayekuamsha.

Hoteli ilikuwa imetupa bwawa jioni, saa kumi, kwa jaribio kamili: mita mia saba na hamsini, urefu wa bwawa mara thelathini. Mimi nilimaliza kwanza peke yangu, dakika kumi na tano na robo. Kisha nikapanda juu, nikasimama mahali pangu, na Idman akaingia.

Shingoni nilikuwa na saa ya kochi ya kuhesabu. Mara kumi za kwanza sikuitazama. Mara ya ishirini nikaitazama. Dakika kumi na moja na nusu. Ilikuwa inakwenda kumi na saba, baada ya siku kama ile, katika mwili uliokimbia na kuendesha zaidi yangu. Nikaona Kilifi. Nikamwona akishuka kwenye basi na jezi ya kanda, na mimi Jumatatu ya kufungua shule nikisimamia usafi wa vyoo.

Nikageuka. Sikuitwa na mtu. Sikuwa na kizunguzungu, ingawa ndivyo nilivyomwambia kochi baadaye. Niligeuka nikatembea hatua sita hadi kwenye turubai, nikampa maji mgongo, nikasema, "Kochi, kesho tunaanza na baiskeli?" Swali ambalo jibu lake nililijua. Nilijua pia kwamba mwisho wa kila urefu Idman huinua jicho mara moja kutazama kama nipo.

Nikasikia maji yakikatika. Siwezi kuieleza ile sauti vizuri. Mapigo ya mikono yake yalikuwa yakienda sawasawa, kisha yakawa ya mtu anayeng'ang'ana na kitu. Alikuwa katikati ya bwawa, mahali pa kina, kichwa kikipanda na kushuka, macho yamemtoka, anazunguka na kuzunguka akitafuta kisichokuwapo. Alikuwa amemeza maji. Mama Safiyo alisimama kiti kikaanguka, akapiga kelele "Idman! Idman!" akienda na mikono mbele kuelekea bwawa ambalo haoni ukingo wake. Nikaruka. Nikamshika Idman kwapani, nikamvuta hadi kwenye ngazi. Alitapika maji juu ya vigae, akakaa ameshika magoti, anatetemeka kwenye joto lile.

"Kuna nini huko ndani?" Kochi alikuwa anapiga turubai kwa kiganja. "Mwalimu! Kuna nini?"

"Misuli imekaza," nikasema. "Mguu."

Idman akainua uso. Alinisikia nikisema hivyo, na hakunipinga. Alisema kwa sauti ndogo, ya mimi tu, "Madam, uliondoka."

Alirudi kwenye madam. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lote, na nastahili.

Ijumaa, Aprili 17

Idman amekuja. Ameogelea kichwa juu. Dakika ishirini na mbili.

Jumamosi, Aprili 18

Ishirini na mbili. Hakumwambia kochi. Hakumwambia mtu yeyote. Angeniaibisha mbele ya kambi nzima na ningejitetea, ningekuwa na kazi ya kufanya. Nimesimama mahali pangu ukingoni macho wazi, naye anaogelea akitazama kila upande isipokuwa nilipo.

Jumapili, Aprili 19

Sikwenda kanisani. Nimefua, nimesafisha baiskeli, nimefua tena vilivyokwisha kufuliwa. Dakika yangu moja imerudi, nzima. Nilichotaka ninacho, na chakula cha mchana nimekirudisha sufuriani.

Jumatatu, Aprili 20

Nimekwenda stendi. Mama Safiyo alinitambua kwa hatua kabla sijasema.

"Kaa."

Hakunimiminia chai. Nikamwambia ukweli, kwamba haikuwa misuli, kwamba niligeuka nikijua. Nikasema nisamehe mama. Alikuwa anapepeta majani ya chai na hakuacha.

"Mimi nasikia hatua yako siku ile. Sita. Mimi sioni, lakini nasikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nasema kwa nani? Kochi? Kochi naangalia saa." Akafunika kopo. "Kwetu mtu akiacha mto, hatumpigi, hatulibishi faini ya mbuzi kama mwenzake ametoka mzima. Lakini samahani ya mdomo hatuchukui. Mdomo nafanya nini kwa mto? Aliacha macho, narudisha macho."

"Nimesimama siku tatu. Hanitaki."

"Siku tatu," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza, si kwangu hasa. "Wewe mwalimu nafikiria mto ni mtihani ya Ijumaa."

Alhamisi, Aprili 23

Kochi ametupeleka kuona mahali pa mchujo. Ni silanga kubwa nje ya mji, lile wafugaji wanalonyweshea. Maji yamepungua, rangi ya chai, ukingo umepasuka pasuka. Wazee wametupa mpaka saa mbili asubuhi, kisha mbuzi na ngamia wanaanza zamu yao na hawatangoja mtu wa triathloni. Kutakuwa na vijana wawili juu ya mipira ya magurudumu ya lori, kamba mkononi.

Mchungaji mmoja alituambia kwamba wakati wa mafuriko ya miaka ile, mto ulipopanda, mamba mdogo aliingia humu. Kochi akacheka. "Ni kenge huyo." Mchungaji akasema huenda ni kenge. Idman hakucheka. Alisimama pale anayatazama maji muda mrefu, na mimi nilikuwa namtazama yeye.

Ijumaa, Aprili 24

Silali. Si mbio. Najua nitashinda.

Jumamosi, Aprili 25

Wanaume walitangulia. Sisi tulianza saa moja kasoro robo, wawili tu, filimbi moja. Idman alivaa vazi lake la kuogelea linalofunika mwili wote hadi kichwani. Mama Safiyo aliletwa na bodaboda, akakaa kwenye jiwe ameelekea upande usio wa maji mpaka mtu akamgeuza.

Nilitoka vizuri. Sijawahi kuogelea vizuri kama hivyo. Mwisho wa mita mia nilikuwa peke yangu, na kwa sababu maji yale hayaonyeshi kitu niliinua kichwa kutafuta kibuyu tulichowekewa kama alama. Badala ya mbele nikatazama nyuma. Kichwa kile kilikuwa mbali, wima, kinageuka kulia, kushoto, kulia. Kochi alikuwa ukingoni anaangalia saa. Wale vijana wa mipira walikuwa wanapigana vijembe. Watu labda arobaini walizunguka silanga lile na hakuna hata mmoja aliyekuwa anayaangalia maji.

Sikufanya kwa wema. Nataka hilo liandikwe. Nilikuwa nimechoka tu. Siku tisa kile kichwa kilikuwa kinageuka ndani ya kichwa changu, na nikaona kwamba nikimaliza mbele yake leo kitaendelea kugeuka Kilifi, na Septemba, na mwaka ujao. Nikasimama. Nikaelea pale nikipiga maji kwa miguu mpaka akanifikia.

"Tia uso," nikasema.

"Madam, unashindana."

"Tia uso. Naona."

"Na wewe nani anakuona?"

"Mimi ni Mkamba, mamba hanijui. Tia uso, Idman."

Kochi alikuwa anapiga kelele. "Mwalimu! Una nini? Mwalimu!" Idman alinitazama kwa urefu wa pumzi tatu. Nilimwona akikumbuka. Nilimwona pia akiamua. Akatia uso.

Tuliogelea bega kwa bega, mimi kulia kwake. Uso wake ukizama mimi navuta pumzi upande wake, jicho langu juu ya maji. Uso wake ukitoka, wangu unazama. Hatukupanga. Kwa namna hiyo hapakuwa na wakati ambao maji hayakuwa na mtu wa kuyatazama. Ilinibidi nipunguze mwendo, na kila nilipopunguza nilisikia dakika zangu zikiondoka, nami naziacha. Mara moja kitu kiligusa mguu wangu, kamba au tope. Nilitamani kupiga yowe. Sikuondoa jicho kwake.

Tulitoka pamoja. Dakika kumi na tisa.

Kwenye baiskeli alinipita kabla ya kilomita ya tano. Niliendesha kwa hasira, nikakimbia kwa hasira, na machozi, na si ya kupendeza. Asiyekubali kushindwa si mshindani, huwaambia watoto shuleni. Basi leo sikuwa mshindani, maana sikukubali hata kidogo. Alinishinda dakika tano na sekunde kumi. Kochi aliandika jina lake kwenye karatasi, akaniuliza kwa nini nilisimama. Nikamwambia misuli ilikaza. Safari hii Idman ndiye aliyeangua kicheko.

Jumapili, Aprili 26

Kesho shule inafunguliwa. Leo ilikuwa ya kufunga vitu. Kochi alisema turubai linashushwa saa kumi, nikamwomba nusu saa. Nilitaka kuogelea bila saa na bila mtu, mara ishirini, ili niiage kambi.

Nilikuwa nimekwenda mara mbili nilipoona miguu ukingoni. Idman alikuwa amevua viatu. Amesimama mahali pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, mikono imelala ubavuni, macho juu ya maji. Mama Safiyo alikuwa kwenye kiti chake. Hakuna aliyenisalimu. Nami nikatia uso ndani nikaendelea.

Mara ya sita anga likawa jeusi. Mara ya saba tone la kwanza likanipiga mgongoni, zito, la moto. Kisha ikashuka yote kwa pamoja, ile mvua tuliyoingoja tangu Machi. Nikasikia watu wa hoteli wakipiga vigelegele, viti vikiburutwa, kochi nje akikimbilia jikoni. Mama Safiyo alishikwa mkono na mhudumu mmoja akaingizwa barazani.

Mwisho wa urefu ule niliinua jicho mara moja, kutazama.

Idman alikuwa pale pale. Hijabu yake ilikuwa imegandamana kichwani, maji yanamtiririka puani, anapepesa kope haraka haraka ili asipoteze kuona. Mama Safiyo alikuwa akimwita kutoka barazani. Hakugeuka.

Nilikuwa nimekusudia mara ishirini. Nikatoka ya nane, maana angesimama pale hadi nitoke, na alikuwa analowa.

"Abaayo," akasema, akinipa taulo iliyolowa chepechepe, "nimekuona."